Mgeni na bastola: usalama na usimamizi katika mashindano ya kulenga shabaha

Kuna mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye simu tu: mtu amevaa miwani na vifaa vya kuziba masikio, anasimama mbele ya tuta la udongo, kengele ya kielektroniki inalia, anachomoa bastola kiunoni na kulenga makaratasi kadhaa huku akitembea. Baada ya sekunde chache amemaliza. Pembeni yake, karibu kabisa na bega lake, yupo mtu mwingine ambaye hatazami shabaha hata kidogo. Macho yake yapo kwenye mikono ya mlengaji.

Makala hii inamhusu zaidi huyo wa pili. Inaeleza mtu mgeni anavyoingizwa katika mchezo wa bastola, nani anamsimamia, anaruhusiwa nini na anakatazwa nini, na kwa nini. Wasikilizaji wetu wengi wa Kilosa na Mikumi hawatashiriki mashindano hayo. Lakini silaha si ngeni kwetu. Tunao mgambo wanaofundishwa kulenga shabaha, askari wa wanyamapori wa vijiji, walinzi wa mashamba na maghala, na magobore yaliyorithiwa kwa mababu. Kanuni zinazomlinda mgeni kwenye uwanja wa mashindano ndizo zinazoweza kumlinda kijana anayeshika bunduki kwa mara ya kwanza Rudewa, Ulaya au Kidodi.

Mchezo wenyewe ni upi

Kulenga shabaha kuko kwa namna nyingi. Katika Michezo ya Olimpiki, mlengaji husimama mahali pamoja na kulenga kwa utulivu. Mchezo tunaouzungumzia hapa huitwa kulenga shabaha kwa vitendo. Mlengaji husogea, hujificha nyuma ya ukuta wa mbao, hubadilisha magazini, na hulenga shabaha nyingi za umbali tofauti, huku muda wake ukipimwa.

Chombo kikuu kinachousimamia duniani ni shirikisho la kimataifa linalojulikana kwa herufi IPSC. Lilianzishwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, aliyekuwa mwanajeshi wa majini wa nchi hiyo. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Tazama mpangilio huo: usahihi umetangulia, kasi imekuja mwisho.

Afrika haikuwa mbali na mchezo huu tangu mwanzo. Mashindano ya dunia ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, mji ambao leo unaitwa Harare, na ya mwaka 2002 yalifanyika Pietersburg, Afrika Kusini, ambako leo kunaitwa Polokwane. Kwa jirani zetu Kenya, uwanja wa Kirigiti katika kaunti ya Kiambu umekuwa ukitumika kwa mashindano ya tawi jingine la mchezo huu, linaloitwa IDPA, lililoanzishwa Marekani mwaka 1996. Kanuni za matawi haya zinatofautiana katika mambo madogo madogo, ila msingi wa usalama ni ule ule.

Hesabu inayomponza mgeni

Ili kuelewa kwa nini mgeni anahitaji kusimamiwa kwa karibu, elewa kwanza alama zinavyohesabiwa. Katika IPSC, alama alizopata mlengaji hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Risasi iliyopiga katikati ya karatasi ina alama 5. Shabaha iliyokoswa humpunguzia alama 10.

Chukua mfano wa shabaha 6, kila moja ikitakiwa kupigwa risasi 2. Anayezipiga zote katikati anapata alama 60. Akitumia sekunde 20, gawanya 60 kwa 20, unapata 3. Sasa chukua mgeni mwenye pupa. Anamaliza kwa sekunde 12 na anajiona shujaa. Lakini risasi 8 zimepiga katikati na 4 zimekwenda tutani. Alama zake 40 zinaondolewa 40. Amebaki na sifuri, na sifuri ukiigawanya kwa sekunde zozote inabaki sifuri.

Hesabu hii inaonyesha mambo mawili. La kwanza, haraka haimsaidii mgeni hata kwenye ushindi. La pili, pamoja na hayo, mchezo wenyewe unamsukuma awe na haraka, kwa sababu saa inahesabu na watu wanatazama. Mkono usiozoea ukisukumwa na saa, kidole huingia kwenye kifyatulio kabla ya wakati. Hapo ndipo msimamizi anapohitajika.

Kanuni nne za kukariri

Kabla mgeni hajagusa bastola, hufundishwa kanuni nne. Cooper ndiye aliyezieneza kwa mpangilio huu, na leo zinafundishwa karibu kila mahali.

Ya kwanza: kila silaha ihesabu kuwa ina risasi, hata kama umeambiwa ni tupu. Ukipokea, kagua mwenyewe. Ukimpa mwenzako, naye akague mbele yako.

Ya pili: usiuelekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Mguu wako mwenyewe umo katika hesabu hiyo, na mkono wako wa kushoto pia.

Ya tatu: kidole kikae nje ya kifyatulio, kimenyooka ubavuni mwa silaha, mpaka umeshalenga na umeamua kupiga.

Ya nne: ijue shabaha yako, na ujue kilichopo nyuma yake. Risasi ya bastola ikikosa kizuizi inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Kwa mtu wa kwetu, nyuma ya kichaka kunaweza kuwa na mama anayeokota kuni, mfugaji na ng'ombe wake, au mtoto anayefukuza ndege shambani.

Uzuri wa kanuni hizi ni kwamba zinashikana. Ukivunja moja, zile nyingine bado zinaweza kukuokoa. Kidole kikiteleza wakati mtutu unaelekea tutani, hakuna anayeumia. Watu huumia pale kanuni mbili zinapovunjwa kwa pamoja.

Kazi ya msimamizi

Msimamizi wa uwanja si mpiga filimbi wa mpira anayekimbia na mchezo akisubiri kosa litokee. Kazi yake ni kuliona kosa kabla halijatokea. Husimama nyuma kidogo ya mlengaji, upande wa mkono ulioshika bastola, umbali wa kunyoosha mkono. Kutoka hapo anaona vitu viwili: kidole na mtutu. Risasi zilipopiga atazihesabu baadaye.

Kwa mgeni wa siku ya kwanza, kanuni ni mtu mmoja kwa msimamizi mmoja. Msimamizi hawezi kutazama wageni wawili wenye bastola kwa wakati mmoja, hata awe na uzoefu gani. Wenyeji wakiwa wawili na wageni sita, basi wageni wawili watalenga na wanne watakaa nyuma ya mstari wakitazama. Anayelalamika kwamba zamu yake inachelewa aelezwe sababu kwa upole, na zamu yake isiharakishwe.

Msimamizi pia ana haki ya kusema hapana. Mgeni aliyekunywa pombe halengi siku hiyo. Aliyekuja na hasira, au anayetetemeka kwa hofu, au anayefanya utani na silaha, naye akae kwanza. Hili ni gumu pale mgeni ni mkubwa wa cheo, au ni shemeji, au ndiye aliyelipia mafuta ya gari. Ndiyo maana viwanja vyenye nidhamu humpa msimamizi mamlaka kamili ambayo hata mwenyekiti wa klabu haingilii risasi zikiwa zinatoka. Heshima ya ukoo na cheo hubaki nje ya mstari wa kulengea.

Jambo jingine linalosemwa na wakufunzi wengi: mume asiwe mwalimu wa kwanza wa mkewe, wala baba wa mwanawe, ikiwa mkufunzi mwingine yupo. Ndugu huoneana aibu au hukosana upesi. Mgeni anaweza kuogopa kusema kwamba hajaelewa, na mgeni anayeitikia asichokielewa ni hatari kuliko yule anayeuliza mara kumi.

Siku ya kwanza, hatua kwa hatua

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye bastola, siku ya jembe huchelewa zaidi ya hapo.

Hatua ya kwanza ni maneno tu. Mgeni anakaa chini, anaelezwa kanuni nne, anaonyeshwa sehemu za bastola, na anaambiwa neno moja ambalo yeyote anaweza kulisema akiona hatari: simama! Likitamkwa, kila mtu anaacha anachofanya, kidole kinatoka kwenye kifyatulio na mtutu unabaki kuelekea tutani. Mtoto anaweza kulisema, na mpishi wa chai anaweza kulisema.

Hatua ya pili ni bastola tupu. Risasi zote zimewekwa mbali. Mgeni anajifunza kushika kwa mikono miwili, kusimama, kulenga, na kukagua chemba kwa macho na kwa ncha ya kidole. Kosa linalowapata wageni wengi huonekana hapa: wakiitwa jina, wanageuka na mwili mzima, na mtutu unageuka nao. Msimamizi mzuri humwita mgeni jina kwa makusudi wakati bastola bado ni tupu, ili amzoeze kugeuza kichwa peke yake.

Hatua ya tatu ni risasi moja. Magazini inawekwa risasi moja tu. Bastola hupiga teke inapofyatuka, na mgeni hajui teke hilo likoje. Wengine hushtuka, wengine hukaza mkono na kidole kikavuta kifyatulio mara ya pili bila kukusudia. Ikiwa risasi ilikuwa moja, mvuto huo wa pili hauna madhara. Ikiwa magazini ilijaa, risasi ya pili itatoka wakati mtutu umeinuka juu ya tuta.

Hatua ya nne ni risasi mbili, kisha tano, mgeni akiwa amesimama mahali pamoja, bila saa. Kuchomoa bastola kiunoni, kutembea nayo na kupimwa muda hayamo katika siku ya kwanza. Nchi nyingi zenye mchezo huu humtaka mgeni apite kozi ya usalama na mtihani wa vitendo kabla hajaruhusiwa kushindana. Na siku ya shindano lake la kwanza, ushauri anaopewa ni mmoja: tembea, usikimbie, maliza salama, namba yako kwenye orodha isikushughulishe.

Bastola na risasi havikutani ovyo

Viwanja vya mashindano haya hufuata utaratibu ambao unastahili kuigwa popote palipo na silaha. Kila mtu anafika na bastola tupu, na inabaki tupu siku nzima isipokuwa dakika anayokuwa kwenye zamu yake. Hakuna anayeigusa bila ruhusa.

Kama mtu anataka kuifuta au kuitengeneza, ipo meza maalumu inayoitwa eneo la usalama, yenye kizuizi mbele yake. Pale anaweza kushika bastola, lakini haruhusiwi kushika risasi, hata ile ya bandia ya kufanyia mazoezi. Nje ya meza hiyo anaweza kujaza risasi kwenye magazini zake, lakini haruhusiwi kugusa bastola. Kwa maneno mengine, bastola na risasi havikutani mkononi mwa mtu mmoja ila mbele ya msimamizi.

Zamu ikifika, amri hutolewa kwa maneno yale yale kila mara, duniani kote kwa Kiingereza, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Maana yake ni hii. Kwanza: jaza na ujiandae. Kisha: uko tayari? Kisha: kaa tayari, na baada ya sekunde moja hadi nne kengele inalia. Mlengaji akimaliza: kama umemaliza, toa risasi na uonyeshe. Msimamizi anatazama chemba kwa macho yake. Halafu: kama ni tupu, shusha nyundo, irudishe kwenye mkoba wa kiunoni. Mlengaji anaelekeza bastola tutani na kuvuta kifyatulio. Kama kulikuwa na risasi iliyosahaulika, itaishia kwenye udongo. Mwisho ndipo msimamizi anatangaza kwamba uwanja ni salama. Kabla ya tangazo hilo hakuna anayesogea mbele kutazama matundu.

Wakati wote huo mtutu hauruhusiwi kupita mstari wa nyuzi 90 kila upande. Njia rahisi ya kumwelewesha mgeni ni kumwambia atazame tuta na kunyoosha mikono yake miwili kulia na kushoto. Mtutu ukivuka mstari wa mikono hiyo kuelekea nyuma, amevunja kanuni.

Anayekosea hurudishwa nyumbani

Hapa ndipo mchezo huu unapotofautiana na mazoea yetu mengi. Mlengaji aliyegeuza mtutu kupita mstari, aliyeangusha bastola wakati wa zamu yake, aliyefyatua risasi wakati wa kujaza au kutoa, au ambaye risasi yake imepita juu ya tuta, anaondolewa kwenye mashindano yote siku hiyo hiyo. Haijalishi ametoka mbali kiasi gani au alikuwa anaongoza. Halengi tena mpaka shindano jingine.

Wengi huona adhabu hiyo ni kali mno. Mbona hakuna aliyeumia? Lakini hilo ndilo kusudi lake. Adhabu inapima kosa, haipimi jeraha. Ukisubiri damu ndipo useme kuna kosa, utakuwa umeyasamehe makosa mengi madogo yaliyolizaa lile kubwa. Kijijini tunasema imekosa tu, Mungu ametusaidia, na kesho yake bunduki ile ile inaegemezwa ukutani pale pale.

Kwa mgeni, namna ya kumwondoa nayo ni sehemu ya usimamizi. Haaibishwi mbele ya watu. Anaambiwa alichofanya, anaonyeshwa kwa bastola tupu, anakaribishwa kuendelea kutazama na kusaidia kubandika karatasi. Mgeni aliyetolewa kwa heshima hurudi akiwa mwangalifu kuliko wote. Aliyetukanwa haondoki na somo lolote.

Ajali mbili zilizofundisha dunia

Mwezi Oktoba 2008, kwenye maonyesho ya silaha huko Westfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, mtoto wa miaka 8 alipewa bunduki ndogo ya rashasha aina ya Uzi. Teke la silaha liliinua mtutu hadi kichwani mwake, akafa. Aliyekuwa akimsimamia alikuwa kijana wa miaka 15.

Tarehe 25 Agosti 2014, kwenye uwanja mmoja wa watalii jimbo la Arizona, msichana wa miaka 9 alipewa silaha ya aina hiyo hiyo. Alipiga kwanza risasi moja moja, akaweza. Ndipo ikawekwa kupiga mfululizo. Silaha ilimponyoka, mtutu ukageukia kushoto, na mkufunzi aliyesimama pembeni yake akapigwa risasi na kufariki.

Silaha hizo hazikuwa bastola za mashindano, lakini mafunzo yake yanahusu kila mgeni. Katika ajali ya kwanza msimamizi mwenyewe alikuwa mtoto. Katika ya pili msimamizi alikuwa mtu mzima mwenye ujuzi, ila hatua iliyofuata ilikuwa kubwa mno kwa mwanafunzi wake. Kufaulu risasi moja si ushahidi kwamba mtu anaweza kumi. Na silaha isiyolingana na mikono ya anayeishika haifanywi salama na mkufunzi hodari.

Masikio, macho na mikono

Mlio wa bastola unapita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu papo hapo, na sikio likishaharibika hivyo halirudi. Kila mtu aliye karibu na mstari, pamoja na watazamaji, huziba masikio. Miwani ya kinga nayo ni lazima, kwa sababu maganda ya risasi hurushwa yakiwa ya moto na vipande vya risasi vinaweza kurudi. Kwa sababu hiyo hiyo, shabaha za chuma katika IPSC haziwekwi karibu zaidi ya meta 7 kutoka kwa mlengaji.

Tuta la nyuma liwe la udongo usio na mawe. Jiwe hugeuza risasi ikaenda pasipotarajiwa. Mti hautoshi kuwa tuta, na ukuta wa tofali za kuchoma vilevile.

Mgeni avae nguo iliyofunga shingo, maana ganda la moto likiingia kifuani humfanya aruke na bastola mkononi. Akimaliza, anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu risasi nyingi zina madini ya risasi ambayo ni sumu mwilini. Wajawazito na watoto wadogo wakae mbali na vumbi hilo.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Silaha za kiraia nchini mwetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Sheria hii inaendana na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikubaliana kudhibiti silaha ndogo.

Kwa mwananchi, mambo makuu ni haya. Silaha haimilikiwi bila leseni. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yanapita kwenye kata, polisi wa wilaya na kamati ya ulinzi na usalama, kabla ya kufika kwenye mamlaka ya juu ya polisi. Leseni inamtaja mtu na silaha yake. Haihami kwenda kwa mtoto, mlinzi wa shamba au rafiki. Mwenye silaha akifariki, familia iripoti polisi. Kuirithi kimya kimya ni kosa.

Kwa hiyo mwenye bastola asimwalike mgeni porini kujaribu risasi mbili tatu. Mafunzo hufanyika mahali palipoidhinishwa na chini ya watu wanaotambuliwa na mamlaka. Kama unataka kujifunza, anza kwa kuuliza ofisi ya polisi ya wilaya au mkaguzi wa polisi wa kata yako. Na kwa sisi tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, tukumbuke kuwa kuingia na silaha hifadhini bila kibali ni kosa, na kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Tunachoweza kukichukua sisi

Wapo wanaokutana na mafunzo ya silaha bila kuwa wanamichezo. Kijana wa mgambo hufundishwa chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya. Askari wa wanyamapori wa kijiji hupelekwa mafunzoni kabla ya kulinda mashamba dhidi ya tembo. Kwa wote hawa swali ni lile lile: nani anatazama mikono ya mgeni? Ukiwa mzazi wa kijana anayekwenda mafunzoni, una haki ya kuuliza wako wangapi kwa mkufunzi mmoja. Ukiwa ndiwe kijana mwenyewe, usione haya kusema sijaelewa.

Magobore yana hatari yake ya pekee. Baruti ikilowa, gobore linaweza kuchelewa kulipuka sekunde kadhaa baada ya kufyatuliwa, na wengi huumia kwa kuchungulia mdomo wa mtutu kuona kulikoni. Bastola ina tatizo linalofanana: ikitoa mlio hafifu usio wa kawaida, huenda risasi imekwama ndani ya mtutu. Uwanjani msimamizi husimamisha zamu mara moja. Ukipiga nyingine nyuma yake, silaha inaweza kupasuka mkononi. Mwenye gobore lisilo na leseni asisubiri ajali wala msako. Polisi wamekuwa wakitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, kama kile cha Septemba na Oktoba 2023, na serikali ya kijiji inaweza kukuelekeza pa kuanzia.

Nyumbani, silaha yenye leseni ifungiwe kwenye kabati la chuma, na risasi zifungiwe peke yake. Juu ya dari na chini ya godoro si mahali pa kuficha. Watoto wanajua tunapoficha sukari, na silaha wataijua pia. Wafundishwe maneno machache: ukiiona, usiiguse, ondoka, mwite mtu mzima.

Ajali ikitokea

Kila mahali pa mafunzo pawe na mtu aliyepangiwa kazi ya huduma ya kwanza kabla risasi ya kwanza haijatoka, na gari linalojulikana litakalobeba majeruhi. Mtu akipigwa risasi, hakikisheni silaha zote zimewekwa chini na hakuna anayelenga. Kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, bila kuachia kuchungulia. Msijaribu kuitoa risasi. Mlazeni, mfunikeni asipate baridi, msimpe chakula wala kinywaji. Pigeni 112 na mwondokeni mara moja kwenda hospitali iliyo karibu: kwa walio Mikumi ipo ya Mtakatifu Kizito, kwa walio Kilosa mjini ipo ya wilaya. Fomu ya polisi, PF3, ifuatiliwe na mtu mwingine wakati majeruhi yuko njiani, asisubirishwe kituoni akitoka damu.

Kwa ufupi

Ukialikwa kujifunza kulenga shabaha, iwe kwa mchezo au kwa kazi, uliza maswali matano kabla hujaunyoosha mkono. Je, mahali hapa na silaha hii vina kibali? Nani atanisimamia, na atakuwa anatazama wangapi? Nitaanza na silaha tupu, kisha risasi moja? Nyuma ya shabaha kuna nini? Nani atanihudumia nikiumia?

Ukijibiwa yote vizuri, vaa miwani, ziba masikio na usikilize amri. Ukijibiwa kwa kicheko, rudi nyumbani. Utaonekana mwoga kwa siku moja, na siku hiyo itapita.